Sindano ya Zizini na Homa ya Mtoto

Vijana wangu wa Bunda, Butiama na Musoma, ile chupa ya OTC mnayoichomeka kwenye nyasi za paa la kibanda cha ndama, sindano ikiwa bado imesimama kwenye kizibo chake, ndiyo iliyonishikisha kalamu. Sina ugomvi na dawa yenyewe. Nimeitumia miaka yote niliyokuwa bwana mifugo, na nimemwona ng'ombe aliyelala chini kwa ndigana baridi akiinuka baada ya kuchomwa na kwenda kunywa maji mwenyewe. Ugomvi wangu ni na mazoea. Ng'ombe akikohoa, sindano. Akichechemea, sindano. Akitoka mnadani akiwa mzima kabisa, sindano ya kumkinga. Kuku mmoja akisinzia bandani, unga wa njano unakorogwa kwenye maji ya kuku wote. Na jioni ng'ombe aliyechomwa asubuhi anakamuliwa, mtoto anapewa kikombe.

Kijana mmoja wa Bunda alinikatiza nilipoanza maneno haya. "Mzee, ng'ombe ni wangu, dawa nimenunua kwa hela yangu, wewe unaumia wapi?" Swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye semina za mifugo, kwa hiyo nitamjibu yeye, na ninyi wengine sikilizeni.

Kwanza jueni dawa hiyo ilikotoka. Oksitetrasaiklini, ndiyo OTC yenu, hutengenezwa na kijidudu cha udongoni kinachoitwa Streptomyces rimosus. Wamarekani walikipata kwenye udongo mwishoni mwa miaka ya 1940, na dawa ikaingia sokoni 1950. Streptomaisini nayo, iliyozaa ile iliyomo kwenye penstrep, ilitoka kwa ndugu wa kijidudu hicho mwaka 1943. Sasa fikirini: kijidudu kinachotengeneza sumu ya kuua jirani zake lazima kiwe na kinga ya sumu yake chenyewe, la sivyo kitajiua. Kinga hiyo imeandikwa ndani ya vinasaba vyake, na kipande kilichobeba maandishi hayo ndicho tunachokiita jeni ya usugu. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walitangaza kwamba wamezikuta jeni za namna hiyo kwenye udongo ulioganda huko Yukon, udongo wa miaka 30,000, kabla ya daktari, kabla ya duka la dawa, kabla ya mtu yeyote kufuga ng'ombe. Kwa hiyo usugu hatukuuleta sisi duniani. Sisi tumeupa chakula, tumeupa njia, na tumewaua wapinzani wake.

Ndani ya utumbo wa ng'ombe mmoja mna bakteria wasiohesabika. Wengi wao hawana kosa, wanamsaidia kusaga majani. Ukimchoma OTC, dawa haiendi kumtafuta mgonjwa peke yake kama mlivyodhani; inazunguka mwili mzima na kufika utumboni. Bakteria wasio na kinga wanakufa, nafasi inabaki wazi, na wale wachache wenye jeni ya usugu wanazaana hadi wanaijaza. Ng'ombe anapona, wewe unafurahi, na samadi inayotoka siku zinazofuata ina wakazi wengine kabisa ndani yake. Tena sehemu kubwa ya dawa uliyomchoma inatoka kwenye mkojo na mavi ikiwa bado ni dawa, ikaendelea na kazi hiyohiyo ya kuchagua huko chini kwenye tope la zizi.

Kama mambo yangeishia hapo ningekaa kimya. Lakini bakteria hawasubiri kuzaa ndipo warithishane. Jeni nyingi za usugu hukaa kwenye kipande kidogo cha duara cha vinasaba kiitwacho plasmidi, na plasmidi hiyo bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine wakiwa wamegusana tu, hata kama si wa ukoo mmoja. Mnakumbuka bibi zenu walivyokuwa wakituma mtoto kwa jirani kuomba kaa la moto: anayetoa moto hapungukiwi, na jioni nyumba mbili zinapika. Ndivyo ilivyo. Bakteria asiye na madhara wa ng'ombe wako akiingia tumboni mwa mtu na kukaa siku mbili tatu tu, anaweza kumwachia bakteria wa mtu huyo jeni yake, kisha akajifia zake. Wajapani waliliona jambo hili katika miaka ya 1950 walipokuwa wakitibu kuhara damu. Walishangaa kukuta vimelea visivyosikia dawa nne kwa mpigo, wala havikuwa vimepitia dawa hizo moja baada ya nyingine. Vilikuwa vimepewa zote kwa mkono mmoja.

Msiniambie hayo ni ya Japani. Wazee wenzangu wanakumbuka kipindupindu kilicholipuka Tanzania mwaka 1977. Tetrasaiklini ilitolewa kwa wingi sana, kwa wagonjwa na kwa wazima waliokuwa karibu nao ili kuwakinga. Profesa Fred Mhalu wa Muhimbili na wenzake walikuwa wakipima vimelea mwezi hadi mwezi, na mwaka 1979 wakaandika matokeo yao katika jarida la Lancet. Mwezi wa kwanza vimelea vyote vya kipindupindu walivyopima vilikuwa vinasikia tetrasaiklini. Baada ya miezi mitano asilimia 76 havikusikia. Miezi mitano, wajukuu zangu. Ndama aliyezaliwa siku dawa ile ilipoanza kugawiwa alikuwa bado hajaachishwa kunyonya. Nia ya waliogawa ilikuwa njema kabisa, na watu walikuwa wanakufa, siwalaumu. Ninachotaka mkione ni ule mwendo. Wazima walipewa dawa ya kinga, na kinga ikageuka. Ninyi mnafanya hivyohivyo kwa ng'ombe wazima kila mnapotoka mnadani.

Sasa tuvuke ua, kutoka zizini hadi jikoni. Daktari mmoja wa Marekani, Stuart Levy, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1976 jaribio walilolifanya kwenye shamba moja karibu na Boston. Walileta vifaranga, nusu wakalishwa chakula cha kawaida, nusu chakula chenye tetrasaiklini kidogo. Ndani ya wiki chache tu mavi ya wale waliolishwa dawa yalijaa bakteria sugu. Hilo walilitegemea. Lakini muda ulivyokwenda bakteria hao wakawa hawasikii hata dawa nyingine ambazo kuku hao hawakuwahi kuonja, na baada ya miezi kadhaa familia iliyokuwa ikiishi shambani hapo nayo ikakutwa na bakteria sugu kuliko majirani zao. Hakuna aliyekuwa amekula dawa katika familia hiyo. Walikuwa wakihudumia kuku tu. Vijana wa Musoma mjini mliojenga mabanda ya kuku wa kisasa nyuma ya nyumba, dirisha la chumba cha watoto likitazama bandani, someni habari hiyo mara mbili.

Hilo la dawa ambazo kuku hawakuwahi kuonja ndilo watu wengi hawalipati, hata wasomi. Plasmidi moja hubeba jeni kadhaa zikiwa zimepangana. Moja inakinga dhidi ya tetrasaiklini, inayofuata dhidi ya salfa, nyingine dhidi ya streptomaisini, nyingine dhidi ya seftriaksoni, ile sindano wanayochomwa watoto wetu hospitalini homa ikizidi. Ukitumia mojawapo ya dawa hizo unazilinda jeni zote hizo, kwa sababu bakteria aliyeokoka kwa jeni ya tetrasaiklini amezibeba zile nyingine mgongoni. Mfugaji wa Butiama hajawahi kushika chupa ya seftriaksoni maishani mwake, lakini kwa OTC yake anaweza kuwa analea usugu wa seftriaksoni zizini. Kijana wangu wa Bunda, hapo ndipo ninapoumia mimi. Ng'ombe ni wako. Bakteria wa ng'ombe wako si wako.

Tena ushahidi hauko mbali. Kule Mwanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, kile kilicho pamoja na hospitali ya Bugando, wamekuwa wakifuatilia jeni inayoitwa CTX-M-15. Kazi ya jeni hiyo ni kuvunjavunja dawa za jamii ya seftriaksoni kabla hazijafanya kazi. Mwaka 2016 walichapisha kwamba wameikuta kwa wanyama wa kufugwa wa Mwanza, tena ikiandamana na jeni za usugu dhidi ya dawa za jamii ya cipro na ya jentamaisini. Mwaka huohuo wakachapisha kwamba ndiyo iliyotawala miongoni mwa bakteria sugu wa aina hiyo waliopatikana kwenye mazingira ya ufukweni na kwenye utumbo wa samaki wa Ziwa Viktoria. Samaki, jamani. Hakuna anayemchoma samaki wa ziwani sindano. Na ziwa lile ni letu sote. Maji hayajui ukomo wa mkoa.

Habari ya samaki inanipeleka kwenye onyo jingine, na hili ni kwa wale wanaojiona wasafi kwa sababu hawana hata chupa moja ya dawa nyumbani. Katika nyanda za kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, watafiti wa Marekani na wa hapa nchini walifanya kazi kwenye kaya za Wamaasai, Waarusha na Wachaga, na mwaka 2020 walitoa matokeo yao. Walikuta bakteria sugu kila mahali, kwa watu, kwa mifugo, kwenye maji, na wakaona kwamba usugu unaenea sana kwa bakteria wenyewe kuhama kutoka kiumbe hadi kiumbe; wingi wa dawa peke yake hautoshi kueleza. Katika kazi yao nyingine ya mwaka 2018, kwa Wamaasai, unywaji wa maziwa mabichi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na kubeba bakteria sugu. Maana yake ni nini kwetu? Mtu anaweza kuacha sindano leo na bado akaupata usugu kesho kupitia kibuyu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa jambo hili hata ambaye hakuchuma anakula.

Tazameni basi tunavyoishi sisi watu wa Mara, bila kuoneana aibu. Ndama wanalala chumba kimoja na watoto kwenye kaya nyingi kwa kuogopa wezi na fisi. Lambo ni moja: ng'ombe wanaingia hadi tumboni, wanakojoa humohumo, na msichana anachota ndoo upande wa pili. Samadi tunaitoa zizini mbichi na kuitupa kwenye bustani ya mchicha. Maziwa tunakunywa yakiwa na joto la kiwele, au tunayagandisha na kujidanganya kwamba ule uchachu umeua kila kitu, wakati hauui vyote. Halafu kuna kichuri. Mimi nakipenda kichuri, na atakayenikataza nyama choma iliyochovywa kichuri atafute mzee mwingine. Lakini kichuri kinatoka utumboni na tumboni mwa mnyama, huko huko ninakokuzungumzia tangu mwanzo, na siku hizi nawaona vijana wanakionja kikiwa hakijachemka kwa sababu mwenzao amesema ndivyo wanaume wanavyokula. Kichemsheni. Kikitokota vizuri ukali wake unabaki na bakteria wanakufa.

Mnakumbuka Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipobadilika rangi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa? Kamati ya serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza kwenye bwawa la tindiga, na nchi nzima ikacheka. Wengi hawakuikubali kauli hiyo kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye mgodi wa dhahabu ulio karibu na mto. Sitawaamulia kesi ile hapa. Ila niliona ajabu kwamba katika kelele zote zile, hakuna niliyemsikia akiuliza: hayo mavi ya ng'ombe, yawe yaliua samaki au hayakuua, yalikuwa yamebeba nini kuteremka kuelekea daraja la Kirumi na ziwani? Tulibishana juu ya rangi ya maji. Jeni ya usugu haina rangi wala harufu.

Na mwisho wa njia ni kitanda cha hospitali. Mwaka 2005 madaktari waliofanya kazi Muhimbili walichapisha habari za watoto waliolazwa na maambukizi ya damu. Kati ya wale walioshambuliwa na bakteria wenye kimeng'enya cha aina ile inayotengenezwa na CTX-M, asilimia 71 walifariki. Kwa bakteria wasio nacho, asilimia 39. Ni hospitali ileile, wauguzi walewale. Siwezi kuwaambia kwamba bakteria wa watoto wale walitoka kwa ng'ombe. Wengine usugu huupata humohumo hospitalini. Ninachosema ni kwamba jeni hizi zikishaenea kwenye zizi, kwenye lambo na kwenye samaki, milango ya kufika kwenye kitanda kile inakuwa mingi. Duniani kote, hesabu iliyotolewa na Lancet Januari 2022 ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria hawakusikia dawa. Ni wengi kuliko waliouawa na malaria mwaka huo, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote.

Nawasikia mkisema: mzee anataka ng'ombe wetu wafe. Sitaki. Ng'ombe mgonjwa wa maradhi ya bakteria atibiwe, tena atibiwe kwa ukamilifu. Hapo penyewe pana shida. Lebo ya OTC ya asilimia 20 inasema mililita moja kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 anataka mililita 25, zigawanywe sehemu zaidi ya moja mwilini. Nani kati yenu anampa 25? Mnavuta bomba la kumi, mnachoma pajani, mnasema inatosha, inayobaki ni ya lile dume. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipokwenda kupokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya juu ya jambo hilo hasa, la dozi ndogo inayovifundisha vimelea badala ya kuviua. Nunueni utepe wa kupima kifua cha ng'ombe. Ukizungusha nyuma ya bega unakuambia uzito. 

Kisha jueni adui mnayempiga. OTC haiui virusi. Homa ya miguu na midomo ni virusi. Mapele ngozi ni virusi. Kideri kinachofyeka kuku wote wa kijiji ni virusi, na unga wa njano mnaowakorogea ni kutupa pesa majini. Kuna chanjo ya kideri ya matone ya macho inayostahimili joto letu, na hutengenezwa hapa hapa nchini. Ndigana kali inaletwa na kimelea cha kupe kisicho bakteria, ina dawa yake. Nagana hivyohivyo, na ninyi wa Bunda mnaopakana na Serengeti mnawajua mbung'o kuliko mimi. Ukimchoma OTC ng'ombe mwenye nagana utamwacha afe polepole huku ukilea usugu tumboni mwake. Kuogesha na kuchanja ndiko kunakopunguza sindano. Iko chanjo ya ndigana kali ambayo ndama hupewa vimelea hai pamoja na OTC ya muda mrefu, augue kidogo apone, kisha anavalishwa hereni sikioni. Hiyo ni OTC iliyotumika kwa akili: mara moja katika maisha ya mnyama, ikamwondolea sindano nyingi za baadaye.

Na siku za kusubiri. Hapa sina huruma na mtu. Chupa inaeleza ni siku ngapi usichinje na siku ngapi usiuze maziwa. Kwa OTC ya muda mrefu mara nyingi ni karibu mwezi kwa nyama na karibu wiki kwa maziwa. Najua maziwa ya wiki ni ada ya shule. Lakini nimeona pia mtu anayemchoma ng'ombe asubuhi, akaona hali haibadiliki, na jioni akamwita mchinjaji ili asile hasara yote. Wateja wa bucha ile walikuwa majirani zake.

Zamani dawa zilikaa kwa serikali, zikifungiwa kabatini, na mfugaji alimsubiri bwana mifugo hadi ng'ombe akafa. Siipambi enzi hiyo. Miaka ya 1990 huduma za mifugo zilipoachiwa watu binafsi, dawa zikasogea karibu na mtaalamu akabaki mbali, na hapo ndipo tulipo. Kwa sheria antibiotiki hutolewa kwa cheti, ya mtu na ya mnyama. Upo mpango wa kitaifa wa kupambana na UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa pili unakwenda hadi 2028, na wizara ya afya na ya mifugo zimekaa meza moja. Ni jambo jema. Ila kati ya meza ile na duka la dawa za mifugo la sokoni kwenu kuna barabara ndefu, na muuza duka naye ana watoto wa kulisha.

Kwa hiyo yale yaliyo mikononi mwenu yafanyeni bila kungoja barabara hiyo. Maziwa yachemshwe, kisha kama unataka mgando ugandishe yaliyochemka. Samadi ilundikwe na kufunikwa hadi ioze na kupata moto wake kabla haijagusa mboga. Maji ya bomba ya mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama yakifika kwenu, msiyaache kwa ajili ya kunywa tu. Yawe ya kunawa kwa sabuni kila anayetoka zizini, kabla hajamshika mtoto. Lambo la ng'ombe lizungushiwe ua na mifugo inyweshwe kwenye mabirika nje yake. Ndama wajengewe chumba chao. Kuhusu ninyi wenyewe, acheni kumeza zile kapsuli za rangi mbili kwa kila mafua, na acheni kuambizana dukani kwamba kila kiuno kinachouma ni UTI inayotaka cipro. Ukienda hospitali na homa isiyoisha, mwambie daktari kwamba unafuga na kwamba unakunywa maziwa mabichi kama unayanywa, maana homa ya kutupa mimba inafanana na malaria, na sehemu ya tiba yake ni wiki nyingi za doksisaiklini, ndugu wa damu wa hiyo OTC yenu. Ukipewa dozi, imalize. Usimgawie kaka yako nusu.

Ng'ombe wakifa mfululizo au wakikataa dawa, ombeni sampuli ipelekwe Mwanza, kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari. Maabara ikiotesha vimelea inaweza kukuambia dawa ipi bado inasikika, na hapo utaacha kubahatisha chupa tatu kwa ng'ombe mmoja.

Na jambo la mwisho, ambalo ninyi wenyewe hamjaliona. Mnamlipa bwana mifugo kwa sindano. Akija kwa pikipiki yake, akamkagua mnyama, akasema huyu ana virusi, mpe maji, mtenge na wenzake, mwache apone, mnamwona hajafanya kazi na mnamwacha aondoke mikono mitupu. Safari ya pili anajua la kufanya: anatoa chupa, anachoma chochote, anapata hela ya mafuta. Mmemfundisha ninyi. Siku akikuambia ng'ombe wako hahitaji sindano, mlipe kazi yake na nauli yake palepale, kamili, kama vile amechoma.